Malkia Wetu Hutoka Mapema

Mwalimu wa chesi alinifuata kwenye hema la wazazi, akachutama mbele ya kiti changu kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Kukhu," akasema, "naomba uongee na mjukuu wako. Wewe atakusikia. Mwambie mchezo huu wa mwisho asimtoe malkia mapema."

"Kwa nini?"

"Ni makosa. Vitabu vyote vinakataza. Malkia akitoka kabla ya wengine anafukuzwa huku na huku, na kila akifukuzwa, yule mwenzake anapata nafasi ya kupanga watu wake vizuri."

"Wewe umemwambia?"

"Nimemwambia mpaka nimechoka. Ananijibu eti ndivyo kukhu wake anavyocheza."

"Basi amekuambia ukweli," nikamwambia. "Mimi sina kingine cha kumwambia."

Akainuka, akajipangusa magoti. Ni kijana mzuri, ana adabu. Lakini hajui malkia ni nani. Amesoma tu.

Shule yangu mimi iliishia darasa la tatu, na chesi sikufundishwa na mwalimu. Nilifundishwa na huyu mtoto, binti wa mwanangu wa pili, ninayekaa naye kwangu karibu na Shianda tangu alipoacha kunyonya. Alirudi siku moja kutoka shuleni na huo mchezo kichwani, akakosa mtu wa kucheza naye. Akakata boksi la sabuni, akachora miraba kwa makaa, akatafuta kete. Askari wadogo wa mbele walikuwa mbegu za maharage, mekundu yake na meupe yangu. Farasi vifuniko vya soda. Mfalme wangu alikuwa betri ya redio iliyokwisha, na ilimfaa sana, maana mfalme wa chesi anasimama tu, hana moto. Anasogea hatua moja, anapumzika. Vita vyote ni vya kumlinda yeye. Lakini malkia anakwenda mbele, nyuma, pembeni, kimshazari, mpaka anapotaka. Malkia wangu alikuwa kifuniko cha buluu cha chupa ya mafuta ya nywele.

Siku ya kwanza kabisa nilimtoa huyo kifuniko cha buluu mapema.

"Kukhu, hapana," akasema. "Kwanza tunatoa farasi, tunatoa maaskofu. Malkia anangoja ndani."

"Anangoja nini?"

"Wengine watengeneze njia."

Nikamwambia asikilize vizuri. Nilipofiwa na mume wangu, shemeji zangu walikuja kupima shamba kwa kamba kabla watu wa matanga hawajaondoa viti. Wanawake wenzangu wakaniambia, kaa jikoni, waache wazee waongee, utaitwa. Sikukaa jikoni. Nilitoka na nguo zangu za msiba, nikasimama juu ya ile kamba kwa miguu yote miwili, nikawauliza ni nani anataka kunisogeza. Waliongea sana. Walinifukuza kwa maneno kutoka mpaka huu hadi mpaka ule, na mimi kila mahali nilikuwepo. Shamba ndilo hili tunalolima. Ningengoja wengine watengeneze njia, leo ningekuwa napanga chumba Mumias.

"Kwa hiyo malkia anatoka," nikamwambia mtoto.

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akautazama ubao muda mrefu. Tangu siku hiyo ndivyo tunavyocheza kwetu. Ananishinda sana. Mimi pia nimemshinda mara moja moja, na hakuna siku niliyomwachia.

Sasa turudi Lurambi, kwenye ile shule kubwa yalipofanyiwa mashindano ya vijana wa kaunti. Nitaeleza jambo lililotokea asubuhi, kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa la jioni.

Asubuhi mjukuu wangu alicheza na msichana mmoja mnene, mchangamfu. Alikuwa anamshinda, mwalimu mwenyewe alisema hivyo. Katikati ya mchezo yule msichana akatabasamu, akamnyooshea mkono. Mjukuu wangu akauchukua kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa, kama nilivyomlea. Refa akapita, akauliza, "Mmeshakubaliana?" Yule msichana akasema ndiyo, ni sare. Basi ikaandikwa sare. Kumbe kwenye chesi mkono ukipeanwa mchezo umekwisha, na mtoto wangu alidhani anasalimiwa.

Mnaweza kucheka. Lakini huku kwetu nani anaacha mkono wa mtu hewani? Alipokuwa mdogo aliwahi kumpita jirani yetu mzee njiani bila kumpa mkono, eti alikuwa amebeba vitabu. Nilimrudisha kwa miguu mpaka boma la yule mzee, tukamkuta anakula, akamsalimia hapo hapo na vitabu vyake kichwani. Hakurudia.

Saa ya chakula tulikaa chini ya ukingo wa paa la darasa, tukala viazi vitamu na maziwa niliyobeba. Hakula vizuri.

"Kukhu," akasema, "mkono ukinyooshwa, ni lazima?"

"Ni lazima."

"Hata kwenye chesi?"

Nikafikiri kidogo. Sikutaka kuvunja kwa mdomo wangu kitu nilichokijenga miaka yote hiyo.

"Mkono wa salamu ni lazima," nikamwambia. "Mkono wa kukuibia si salamu. Wewe una macho. Utajua upi ni upi."

Alifuta mdomo, akaenda kunawa.

Kwa sababu ya ile sare, ilipofika jioni mambo yalikuwa hivi. Nafasi ya wasichana na wavulana wa umri wake kwenda Nairobi na timu ya kaunti ilikuwa imebaki moja. Waliobaki kuigombea walikuwa wawili: yeye, na mvulana wa shule moja ya kulipa, koti lake la kijani limepigwa pasi hadi mikono. Yule mvulana alikuwa mbele kwa nusu pointi. Akishinda, anaenda yeye. Wakitoka sare, anaenda yeye. Mjukuu wangu ilikuwa ashinde, basi, hakuna njia nyingine. Na mwanangu, baba yake, alikuwa ameshasema kwenye simu kwamba akikosa safari hii aachane na hivyo vibao, Jumamosi awe anabaki shambani. Mimi nilimwambia mwanangu shamba ni langu na palizi nitapanga mimi. Lakini karo analipa yeye, na mtoto alisikia.

Wazazi tuliruhusiwa kusimama mlangoni kuona wakianza. Meza yao ilikuwa ya kwanza, karibu na dirisha. Katikati ya meza kulikuwa na saa yenye namba mbili, zake na za mwenzake. Ukishacheza unabonyeza upande wako kwa mkono ule ule, zako zinasimama, za mwenzako zinaanza kupungua. Zikiisha umeshindwa, hata kama ubaoni unaongoza.

Mjukuu wangu alikuwa na kete nyeupe. Akasogeza askari aliye mbele ya mfalme. Yule mvulana akafanya vivyo hivyo. Kisha mjukuu wangu akamshika malkia, akamtoa moja kwa moja mpaka ukingoni mwa ubao upande wa kulia, akamweka hapo peke yake, akimkazia macho mfalme wa watu.

Mwalimu wa yule mvulana alikuwa amesimama nyuma yangu. Akacheka kwa pua.

"Huo ni mchezo wa watoto wa nasari," akamwambia mwenzake, na hakushusha sauti.

Nikageuka. "Mbona kijana wako ameshika kichwa?"

Kweli alikuwa ameshika kichwa. Baada ya muda akatoa farasi, kisha akamsukuma askari kumfukuza malkia, na malkia akarudi nyuma hatua mbili, hakukimbia mpaka nyumbani. Wakatuambia wazazi tutoke sote, wabaki walimu tu, mlango ufungwe.

Kwenye hema nilikaa mpaka mvua ikaanza. Mvua ya jioni ya Kakamega mnaijua, hainyeshi kidogo. Hema likaanza kuingiza maji, wazazi wengine wakakimbilia jikoni mwa shule. Mimi nikaona kama ni kulowa, nilowe nikienda kumtazama mtoto wangu. Nikavuka uwanja, nikausukuma mlango wa ukumbi. Kulikuwa na karatasi imebandikwa hapo, ya Kizungu. Niliiona. Sikusimama kuisoma.

Nikaingia ndani, watu wamejaa, wakubwa kwa wadogo. Nikafanya anachofanya mtu yeyote aliyelelewa akiingia mahali penye watu.

"Mulembe!" nikasema, kwa sauti ya kushinda mvua ya mabati.

"Mulembe muno!" ukumbi ukaitikia.

Si wote. Nusu yao hivi. Lakini waliitikia kwa nguvu, vichwa vikainuka kwenye mbao, mtoto mmoja hata akasimama. Kisha wakakumbuka walipo, wakafunga midomo, wengine wakaanza kucheka ndani ya mikono. Mjukuu wangu alifunga macho.

Refa mkuu, mama mmoja mwembamba mwenye kitambulisho shingoni, alinijia mbio. Yule mwalimu wa mvulana wa koti la kijani alishafika kabla yake.

"Amempa ishara!" akasema. "Refa, huyu ni nyanya wa yule msichana. Hiyo ni ishara. Tunataka huu mchezo tupewe sisi."

"Ishara gani?" nikamuuliza. "Mulembe ni ishara ya nini?"

"Wewe unajua mwenyewe mlichopanga nyumbani."

"Nilichopanga nyumbani ni adabu. Kijana wako mwenyewe ameitikia, nimemsikia kwa masikio yangu. Na yeye nimempa ishara?"

Yule mvulana akainama, masikio yamemwiva. Alikuwa ameitikia kweli. Ni mtoto wa watu.

"Mama," refa akasema polepole, "hapa ndani hairuhusiwi kuongea. Hata salamu."

"Sasa watu wanaingiaje?"

"Wananyamaza."

"Kama wezi?"

Nadhani alitaka kucheka. Lakini kazi ni kazi. Akasema mchezo hawezi kuutoa kwa sababu ya salamu, ila sheria inamruhusu kumwongezea dakika yule aliyesumbuliwa. Akaenda kwenye ile saa, akabonyeza bonyeza, namba za yule mvulana zikapanda. Akarudi, akaniambia nitoke, na nikitoa sauti nyingine yoyote, iwe ndani au dirishani, mjukuu wangu atahesabiwa ameshindwa.

"Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa. Sijakubali, lakini nimekuelewa."

Na mpaka leo sijakubali. Mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu kimya ana jambo analolificha.

Nilitoka, nikazunguka nje mpaka dirisha la karibu na meza yao. Ukingo wa paa ulikuwa mfupi, maji yakiniteremkia mgongoni. Mvua ilipiga mabati mpaka sikusikia kitu chochote cha ndani. Nikavaa miwani, nikaifuta, nikavaa tena.

Malkia alikuwa bado yuko. Alikuwa amefukuzwa, nikaona, kwa sababu alikuwa upande mwingine kabisa wa ubao. Lakini kila alipokuwa amepita, kulikuwa na kitu cha yule mvulana kimekosa mahali pake. Askari wetu walikuwa wengi kuliko wake. Ila saa ilikuwa mbaya kwa wote wawili. Walikuwa wamefikiri sana mwanzoni, sasa namba zilikuwa ndogo, zake yule zikiwa nyingi kidogo kwa zile dakika alizopewa kwa ajili ya mdomo wangu.

Wakaanza kucheza mbio mbio. Mkono, saa. Mkono, saa. Yule mvulana akapoteza farasi. Niliona kifua chake kinapanda na kushuka ndani ya lile koti. Akamsogeza mfalme wake pembeni, akautazama ubao, akamtazama mwalimu wake aliyekuwa amesimama ukutani.

Kisha akamtazama mjukuu wangu, akatabasamu, akamnyooshea mkono.

Mkono wa kulia, kiganja wazi, kama mtoto mwenye heshima anayesalimia ndugu yake. Midomo yake ikasema kitu. Sikuhitaji kusikia. Habari ya asubuhi ilikuwa imezunguka ukumbini. Watoto hawafichi kitu. Wote walikuwa wanajua kuna msichana wa Shianda ambaye ukimpa mkono anauchukua.

Niliushika ule ukingo wa dirisha. Jina lake lilikuwa limenifika kooni. Kumwita mara moja tu, kumwambia usichukue. Na nikifungua mdomo, ameshindwa. Mimi ambaye sijawahi kunyamazishwa, si na shemeji, si na chifu, si na mwanangu mwenyewe, nilisimama kwenye mvua nimejiziba mdomo kwa leso.

Mkono wake mtoto wangu ukainuka kutoka mapajani. Niliuona. Ukainuka wenyewe, jinsi nilivyoufundisha. Ukafika ukingoni mwa meza.

Ukasimama hapo.

Akauweka juu ya meza, kiganja chini. Akaufunika kwa wa pili. Akainamisha kichwa, akautazama ubao.

Yule mvulana hakurudisha wake. Wewe uliyelelewa huku utaelewa. Hajawahi kuona mkono ukiachwa. Hakujua unarudishwa vipi. Alingoja, akitabasamu, tabasamu likianza kumwuma mashavu. Akausogeza mbele zaidi, akidhani labda haukuonekana. Majirani wa meza nyingine wakaanza kutazama. Sasa ndiyo hangeweza kuurudisha kabisa, mbele ya watu wote hao.

Na saa yake ilikuwa inakwenda.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa mbele yangu. Alimsogeza mfalme wake, lakini hakubonyeza saa. Mkono wa kubonyezea ndio ule uliokuwa hewani. Namba zilizopungua zilikuwa zake yeye. Dakika alizopewa kwa sababu mimi nilisalimia, alikuwa anazimaliza akingoja kusalimiwa.

Mwalimu wake aliona. Akafungua mdomo, akakumbuka sheria, akaufunga. Tulitazamana, mimi dirishani na yeye ukutani, wote wawili tumezibwa. Sikumwonea huruma.

Namba zake zikawa sifuri tupu, mduara, mduara, mduara. Mjukuu wangu akainua kichwa, akainua na mkono, si wa salamu, wa kumwita refa.

Palikuwa na maneno mengi baada ya hapo, kama kawaida. Mlango ulifunguliwa, nikasikia mwenyewe. Mwalimu wa kijani alisema mtoto wake alikuwa anaomba sare kwa heshima, na kwamba yule msichana hana malezi.

"Angebonyeza saa kwanza, ndipo aombe," refa akasema. "Muda wake umekwisha."

"Lakini angemjibu hata kwa neno!"

"Hairuhusiwi kuongea," nikasema kutoka mlangoni. Sasa mchezo ulikuwa umekwisha, hakuna wa kunizuia. "Sisi ndiyo tunasalimianga kila mahali, mkatuambia hapa ni kunyamaza. Amenyamaza. Mnataka nini tena?"

Refa aligeuka akatazama ukutani. Mabega yalimtikisika.

Mjukuu wangu alitoka nje, tukasimama chini ya ule ukingo mfupi.

"Uliona saa?" nikamuuliza.

"Niliona, kukhu."

"Tangu mwanzo?"

"Hapana. Kwanza niliona mkono. Nikakataa. Saa niliiona baadaye. Hata kama angekuwa amebonyeza, ningekataa tu."

Nikamtazama. Hakuangalia chini.

"Sawa," nikamwambia. "Mchezo umekwisha?"

"Umekwisha."

"Basi rudi ndani ukampe mkono. Mikono yote miwili."

"Kukhu!"

"Mimi sikukulea uache mtu hewani. Ule ulikuwa wa kuiba, umeuacha, vizuri. Sasa ni salamu. Nenda."

Akaenda, amevuta mdomo. Niliingia nyuma yake nihakikishe. Yule mvulana alikuwa anapanga kete kwenye boksi, macho mekundu. Alipouona mkono aliutazama kidogo, kama anayetafuta mtego. Kisha akautoa wake, taratibu, akaupokea. Mwalimu wake alikuwa ameshatoka kwenda kwenye gari. Sikumfuata. Yeye ni mtu mzima, adabu yake si kazi yangu.

Mwalimu wetu ndiye aliyekuwa na furaha mpaka akasahau mwavuli wake. Alitusindikiza mpaka getini mwa shule, kwenye boda boda, akiruka madimbwi.

"Kukhu, hongera. Lakini nikuambie ukweli wangu. Nairobi kuna watoto wakali sana. Yule malkia kule watamla mapema."

"Wataanza kwa kumshika."

"Na wewe pia, kukhu, ukija kule ukumbini, tafadhali..."

Nilikuwa nimeshapanda, mtoto katikati, mimi nyuma nikimshika kiuno. Nilikuwa nimelowa mpaka mifupani, na sikuwa na haja ya kubishana na kijana anayenipenda. Nilimwambia tu ukweli wangu na mimi. Nairobi nitafika, nauli nitauza kuku. Mlangoni kutakuwa na karatasi, nitaiona. Watoto watakuwa wameinamia mbao zao, malkia wetu ameshatoka nje.

Na nikiingia, nitasalimia.